Mama kriatinini imetoka 74 hadi 131 katikati ya kemo. Figo zinalindwaje?

#1 Mjukuu wa Ikuti
Wakuu, ugonile.

Mama yangu ana miaka 62, tupo Tukuyu. Ana saratani ya mlango wa kizazi. Kemo anawekewa Dar kila baada ya wiki tatu, dawa mbili kwa pamoja, mojawapo ni sisplatini. Amemaliza mizunguko miwili. Kabla ya wa kwanza kriatinini, ile takataka ya kwenye damu inayopanda figo zikichuja kidogo, ilikuwa 74, kabla ya wa pili 82. Juzi tumepima hapa Mbeya kujiandaa na wa tatu, imekuja 131. Dar wamesema kwa simu asipande basi kwanza, apimwe tena wiki ijayo.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Dada yangu anasema mama hanywi maji. Kaka wa Mbalizi anasema ni majani ya stafeli anayochemshiwa na shangazi. Jirani anasema kemo ni sumu, tulitegemea nini. Mliopitia haya, figo zinalindwaje wakati wa kemo? Na hii 131 imetoka wapi?

Natanguliza shukrani.

#2 Ngoja Waje
Nimekaa hapa na chai ya Tukuyu, nasubiri wataalamu. Pole sana mkuu.

#3 Bi Nesi wa Uyole
Pole mwanangu. Nimekaa wodi ya saratani miaka tisa kabla ya kustaafu, sasa nalima viazi.

Sisplatini na figo ni ugomvi wa zamani. Dawa hii inatoka mwilini kwa njia ya mkojo, na chembe hai za vijirija vya figo zina mlango unaoivuta ndani. Inarundikana mle kuliko ilivyo kwenye damu, na zile chembe zinaanza kufa. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu figo zake hutikisika kwa kiasi fulani. Ndiyo maana kabla ya ile chupa iliyofunikwa isipigwe na mwanga, mgonjwa hutangulizwa dripu za maji ya chumvi, na baada yake huongezwa nyingine. Na ni maji ya chumvi hasa, ile chumvi inafanya dawa itulie isigeuke haraka ikawa kali zaidi.

La pili ni magnesiamu. Sisplatini inazifanya figo ziimwage kwenye mkojo, na ikipungua figo zinaumia zaidi. Huwekwa ndani ya dripu. Kuna wodi hawasahau, kuna siku wanasahau.

Sasa nijibu: mama alipewa dripu ngapi kila mzunguko? Na alilala hospitali? Mgonjwa wa sisplatini lazima alale saa 24.

#4 Mjukuu wa Ikuti
Mama, asante. Mzunguko wa kwanza alilala, nilihesabu chupa nne za nusu lita. Wa pili watu walikuwa wengi, vitanda hakuna, akawekewa kwenye kiti. Chupa mbili tu, jioni tukatoka. Ya magnesiamu sikujua hata kuuliza.

#5 Mfamasia Mdogo
Bi Nesi shikamoo. Hapo kwa saa 24 naomba nikusahihishe kwa heshima, huo ulikuwa utaratibu wa zamani. Siku hizi sehemu nyingi wanatumia dripu fupi, kama lita mbili ndani ya saa chache, magnesiamu ndani yake, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Inafanya kazi vizuri, kwa sharti kwamba mgonjwa atakunywa mwenyewe akifika nyumbani siku mbili tatu zinazofuata. Kutoka jioni si kosa. Chupa mbili badala ya nne ndiyo inayonitia shaka. Na aliendelea kunywa huko alikolala?

#6 Bi Nesi wa Uyole
Marahaba mwanangu. Nimekubali, zamani tulikuwa tunawalaza na ndoo ya kupimia mkojo chini ya kitanda. Lakini ile ndoo nayo ilikuwa inasema ukweli.

#7 Mjukuu wa Ikuti
Siku iliyofuata yote alikuwa kwenye basi 😔 Tulitoka hospitali jioni, alfajiri tukapanda gari la Mbeya.

#8 Siti ya Dirishani
Hapo sasa. Jibu lako limejileta lenyewe. Mama mzima wa Kinyakyusa, basi zima limejaa, atanywa maji halafu aombe kuchimba dawa mbele ya vijana? Mama yangu mzazi akisafiri kwenda Dar anaacha kunywa tangu jana yake. Saa kumi na kitu barabarani na kikombe kimoja cha chai.

#9 Mjukuu wa Ikuti
Ndicho alichofanya. Chupa niliyomnunulia Ubungo ilifika Uyole haijafunguliwa. Na alitapika Mikumi, akatapika tena kabla ya Ilula.

#10 Konda wa Tanzam
Mimi ni konda njia ya Dar–Tunduma mwaka wa kumi na mbili. Niwaambie kitu. Abiria akininong'oneza tangu tunapoondoka kwamba ana mgonjwa wa aina hii, namweka kiti cha mbele karibu na mlango na dereva anajua. Tunasimama hata pasipo kituo. Tatizo wanasema tukishapanda Kitonga, hapo huwezi kusimamisha gari kwenye kona zile. Semeni mapema.

#11 Mzee wa Kikokotoo
Watu mnababaishwa na hiyo 131 peke yake. Kriatinini ni namba tu, cha muhimu ni figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika. Kuna hesabu: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.23, gawa kwa kriatinini. Mleta mada, mama ana kilo ngapi?

#12 Mjukuu wa Ikuti
Kilo 50.

#13 Mzee wa Kikokotoo
Haya. 140 – 62 = 78. Mara 50 = 3,900. Mara 1.23 = 4,797. Gawa kwa 74 unapata kama 65. Mwanzoni alikuwa vizuri kabisa. Gawa kwa 131 unapata 37. Zimeshuka karibu nusu.

#14 Mfamasia Mdogo
Mzee, mama ni mwanamke. Hiyo 1.23 ni ya wanaume, ya wanawake ni 1.04. Rudia: 3,900 mara 1.04 ni 4,056. Kwa 74 ni 55. Kwa 131 ni 31.

Na hapa mleta mada sikiliza vizuri. Mlipoona 74 mlifurahi kwa sababu kwenye karatasi ipo ndani ya mstari. Lakini kwa bibi wa kilo 50 mwenye miaka 62, 74 maana yake figo zilikuwa zinachuja 55 hivi tangu siku ya kwanza. Madaktari wengi huanza kusita kutoa sisplatini kamili kuanzia chini ya 60, wengine 50. Aliingia akiwa tayari ukingoni. Kriatinini inatoka kwenye misuli, mtu asiye na misuli mingi namba yake inakuwa ndogo hata figo zikiwa zimechoka.

#15 Mzee wa Kikokotoo
Nimekubali kosa, nilikopi ya kwangu mwenyewe. Mimi nina kilo 91 😂

#16 Mjukuu wa Ikuti
Samahani, kilo 50 ilikuwa mwezi wa tatu. Juzi wamempima 46.

#17 Mfamasia Mdogo
Basi ni 28 au 29. Ila usiishike hiyo kama msahafu. Kriatinini ikiwa bado inapanda au kushuka hesabu hii inadanganya, inahitaji namba iliyotulia. Kilicho wazi ni kwamba imezidi mara moja na nusu ya pale alipoanzia, na hicho kwa lugha ya hospitali ni figo kuumia kwa ghafla hadi ithibitike vinginevyo. Dar wamefanya sawa kusimamisha.

#18 Chunya Boy
Swali la pembeni, hii sisplatini ndiyo nasikia ina madini ndani?

#19 Mzee wa Kikokotoo
Kweli ina platini, ile ya mapete. Kwa uzito ni kama asilimia 65 ya dawa yenyewe. Iligunduliwa kwa bahati huko Marekani. Barnett Rosenberg alikuwa anapitisha umeme kwenye bakteria kwa kutumia vyuma vya platini, akaona bakteria wameacha kugawanyika wanarefuka tu. Akadhani ni umeme, kumbe platini ilikuwa inayeyuka kwenye maji. Hiyo ni 1965. Imeruhusiwa kwa wagonjwa Marekani 1978, na katikati hapo ilikaribia kutupwa kwa sababu ilikuwa inaua figo. Kilichoiokoa ni maji ya dripu.

#20 Chunya Boy
Kwa hiyo sisi tunahangaika na karasha za kusagia mawe ya dhahabu huku, kumbe kuna watu wanatembea na platini mwilini. Bei kwa gramu?

#21 Ngoja Waje
Chunya Boy mama wa mwenzako anaumwa, wewe unawaza kuchenjua 😂😂

#22 Mjukuu wa Ikuti
Mwacheni, nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

#23 Tiba Asilia Original
Usihangaike na hospitali ndugu, nina dawa ya kusafisha figo siku 7 tu, uchafu wote unatoka kwenye mkojo unaona kwa macho. Nicheki

*[Sehemu ya bandiko imeondolewa na msimamizi: matangazo hayaruhusiwi jukwaa la afya.]*

#24 Bi Nesi wa Uyole
Figo si sinki la jikoni, eti zizibuliwe. Wangapi tumewapokea wakiwa na hizo dawa za siku saba, mkojo umekauka. Kuna mizizi inayoua figo yenyewe bila msaada wa kemo.

Hilo la majani ya stafeli, mimi sisemi ndiyo yaliyoharibu. Ila daktari hawezi kutenganisha lipi limefanya nini kama mgonjwa ana sufuria pembeni. Shangazi aache kwanza.

#25 Mjukuu wa Ikuti
Shangazi nimemwambia, amenuna. Anasema alimponya mzee wa Masoko.

#26 Siti ya Dirishani
Kila shangazi ana mzee wake wa Masoko.

#27 Mama Gwakisa
Nasoma tangu asubuhi, hakuna aliyeuliza kuhusu dawa za maumivu. Mdogo wangu alikuwa na saratani ya koo la chakula, hizi zetu za nyanda za juu. Sisplatini mara nne, figo zikawa zinahimili. Mara ya tano zikaanguka. Kumbe alikuwa ananunua diklofenaki dukani, kidonge kimoja kutwa mara tatu, kwa ajili ya mgongo. Hakuna aliyemwambia na yeye hakumwambia mtu, kwa sababu dawa ya mgongo si dawa, eti.

Mjukuu, mama anameza nini?

#28 Mjukuu wa Ikuti
…Diklofenaki. Na brufeni zikiisha. Mgongo unamsumbua tangu baada ya mzunguko wa pili. Mimi ndiye ninayenunua.

#29 Mama Gwakisa
Usijilaumu. Hata sisi tulinunua wenyewe.

#30 Mfamasia Mdogo
Diklofenaki, brufeni, meloksikamu, indosidi, zote ukoo mmoja. Figo ikikosa maji huwa inajitahidi kutanua mshipa unaoileta damu, hizi dawa zinaziba ile njia ya kujitanua. Kwa mtu mzima aliyeshiba maji huenda usione kitu. Kwa mtu aliyetapika Mikumi na Ilula, hajanywa, na ana sisplatini ya jana, ni kumkaba. Panadol haina tabia hiyo, au wamwandikie kitu kingine. Sindano ya jenta, ile antibayotiki, nayo aikwepe kama akipata homa, amtajie daktari kwanza kwamba yuko kwenye kemo. Na kama anatumia dawa za presha za kupunguza maji, aseme.

Kwa hiyo mimi kura yangu: diklofenaki.

#31 Siti ya Dirishani
Mimi bado basi. Diklofenaki imekuta figo zimeshakauka.

#32 Mnyalu wa Ipogolo
Kamwene wote. Nina kisa changu, nitasema wazi kwa sababu hapa hamnijui. Natumia dawa za kufubaza virusi tangu 2011. Mwaka juzi nikapata saratani ya Kaposi mguuni, nikawekewa paklitakseli. Hiyo haina ugomvi mkubwa na figo, lakini kriatinini yangu ilipanda kutoka 90 hadi 108. Nikaambiwa nimeharibikiwa. Nikalia wiki nzima. Daktari mwingine akaangalia tarehe, akakuta imepanda baada ya kubadilishiwa dawa na kuwekwa kwenye TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu, siyo baada ya kemo. Ile dolutegraviri iliyomo inazuia kriatinini kutoka, figo zenyewe zinachuja kama kawaida. Namba inapanda kidogo halafu inatulia. Lakini akaniambia pia kwamba tenofoviri iliyomo mle ndani inaweza kuumiza figo kwelikweli, kwa hiyo wanaichunga, na mtu akiwekewa sisplatini juu yake wanafikiria kuibadilisha.

Mikoa yetu hii, Njombe, Iringa, Mbeya, tuko wengi. Ni swali la kuuliza bila aibu.

#33 Mjukuu wa Ikuti
Mkuu nimekujibu faragha. Ndaga fijo.

#34 Mfamasia Mdogo
Nyongeza kwa Mnyalu: kupanda kwa dolutegraviri ni kudogo, kama hiyo yake ya 18, na hutokea wiki za mwanzo za kuianza. Kutoka 82 hadi 131 ni pengo kubwa mno kulibebesha hiyo peke yake.

#35 Mtoto wa Mafinga
Wote mnazunguka. Kinga ya figo ni mkojo mwingi. Mpeni ulanzi wa mianzi yetu. Babu yangu hakuwahi kusikia neno figo hadi amekufa na miaka 90.

#36 Mnyalu wa Ipogolo
Ulanzi Julai unaukinga wapi wewe? Labda unywe wa kwenye madumu ya tangu Machi, huo ni mkangafu si ulanzi.

#37 Mfamasia Mdogo
Pombe inakojoza kwa kukunyang'anya maji, unatoa zaidi ya unachoingiza. Na dawa za hospitali za kukojoza ni hivyo hivyo. Zamani ilikuwa kama sheria, dripu na furosemaidi. Siku hizi haipewi kila mtu, inawekwa kama mwili umejaa maji. Manitoli nayo hubaki kwa wale wa dozi kubwa. Kinachokinga ni kinachoingia.

#38 Mama wa Watoto Watatu, Kyela
Hodi humu. Mimi nitasema ya mtoto maana hapo juu mmeongelea dawa kuumiza figo, lakini kwa mwanangu uvimbe wenyewe ndio ulitaka kumwua figo.

Alikuwa na miaka sita, taya likavimba ndani ya wiki mbili kama amebana chungwa. Wakasema ni saratani ya Burkitt, huku kwetu kwenye malaria ni ugonjwa unaojulikana kwa watoto. Daktari akatuita kabla ya dawa kuanza, akasema, "Uvimbe huu unayeyuka haraka sana, na ukiyeyuka mabaki yake yote yanapita kwenye figo kwa mkupuo." Tindikali ya yuriki, potasiamu, fosfati. Mtoto akatanguliziwa alopurinoli ya kupunguza hiyo tindikali, na dripu tangu siku ya kabla. Usiku namwamsha kila baada ya saa mbili akojoe kwenye chupa ya maji niliyoichora mistari, naandika kwenye daftari la hesabu la kaka yake. Siku ya pili uso ulikuwa umerudi nusu, nikaogopa badala ya kufurahi.

Sasa yuko darasa la tano. Daftari ninalo mpaka leo.

#39 Bi Nesi wa Uyole
Umenitoa machozi mwanangu. Hiyo chupa ya mistari ndiyo ile ndoo yangu.

#40 Siti ya Dirishani
Nimesikia na magadi ya kupikia yanasaidia, kijiko kwenye glasi. Kuna mtu Mwanjelwa alielekezwa hospitali kabisa.

#41 Bi Nesi wa Uyole
Alielekezwa kwa dawa nyingine. Methotreksati ya dozi kubwa hujigandisha kwenye figo mkojo ukiwa na uchachu, kwa hiyo huwekewa bikaboneti kwenye dripu na mkojo unapimwa kwa kile kikaratasi kinachobadilika rangi. Sisplatini haihusiki. Na magadi ni sodiamu, mwenye presha utamtafutia mengine. Hivyo ndivyo maneno ya wodini yanavyotoka mlangoni yakiwa mazima na kufika sokoni yakiwa nusu.

#42 Mama Gwakisa
Na chakula jamani? Mdogo wangu tulimpa maparachichi mpaka akayachukia, tuliambiwa yana magnesiamu.

#43 Mfamasia Mdogo
Yana magnesiamu kweli, na maharage, karanga na mboga za majani. Lakini parachichi na ndizi zina potasiamu nyingi pia. Figo zikiwa zinachuja vizuri na mgonjwa anatapika, ni chakula kizuri. Zikiwa zimeshuka kama hivi za mama, potasiamu inaweza kubaki kwenye damu na kuchezea moyo. Kwa hiyo Mjukuu, mkungu wa ndizi Tukuyu upo nyuma ya nyumba najua, ila msubiri kipimo cha potasiamu. Wapime na magnesiamu siku hiyo hiyo.

#44 Ngoja Waje
Kwa hiyo ndizi ni dawa na ndizi ni sumu. Narudi kwenye chai yangu.

#45 Bi Nesi wa Uyole
Mjukuu, kuna jambo nimelala nalo. Mama Gwakisa amesema mgongo, wewe umesema mgongo umeanza baada ya mzunguko wa pili. Unauma wapi hasa? Katikati au ubavuni? Pande zote?

#46 Mjukuu wa Ikuti
Nimemuuliza sasa hivi. Kulia, chini ya mbavu, unakuja na kuondoka. Anaonyesha kwa kiganja.

#47 Bi Nesi wa Uyole
Mwanangu, huo unaweza usiwe mgongo. Mrija unaotoa mkojo kwenye figo kwenda kibofuni unapita jirani kabisa na mlango wa kizazi. Uvimbe wa pale ukiubana, mkojo unarudi nyuma, figo inajaa na kuuma ubavuni. Na kriatinini inapanda, bila kemo kufanya kosa lolote. Hapo dripu za maji peke yake hazitoshi, inabidi njia ifunguliwe. Apigwe utrasaundi ya figo kabla ya hiyo wiki ijayo. Ni kipimo rahisi, Mbeya kipo. Na mkojo ukipungua ghafla, au homa ikiingia, msingoje tarehe, nendeni siku hiyo.

#48 Mfamasia Mdogo
Bi Nesi, heshima yako. Nimekaa na hesabu zangu, sikuuliza mgongo uko wapi.

#49 Mama Gwakisa
Kwa hiyo diklofenaki anameza kwa sababu ya maumivu ya figo, na diklofenaki inaziumiza figo. Mungu wangu.

#50 Mzee wa Kikokotoo
Ngojeni kwanza. Kama ni figo moja tu imezibwa, ya pili ingefidia. Watu wanachangia figo wanabaki na moja na kriatinini za wengi wao hazifiki 131. Mimi sikubali moja kwa moja.

#51 Mfamasia Mdogo
Ya pili ingefidia kama ingekuwa nzima. Hii nyingine imekula sisplatini mara mbili.

#52 Mzee wa Kikokotoo
Basi tumerudi kwa sisplatini, jirani wa mleta mada alikuwa sahihi tangu bandiko la kwanza 😂

#53 Baba Tulizo
Nimechelewa. Mzee wangu alipata hiyo sisplatini kwa ajili ya koo, figo zilirudi vizuri baada ya miezi mitatu, lakini masikio hayakurudi. Anasikia nyenje usiku na mchana. Waulizeni na masikio, watu wanaangalia figo tu. Kwa figo wakikataa sisplatini kuna kaboplatini, ni mpole zaidi kwa figo ila damu inashuka, na dozi yake inapigwa kutokana na figo zinavyochuja, siyo kimo na kilo peke yake.

#54 Mjukuu wa Ikuti
Wakuu, nimerudi baada ya siku nane. Poleni kwa kuwaweka.

Utrasaundi imeonyesha figo ya kulia imetanuka "kiasi kidogo". Ya kushoto ipo kawaida. Diklofenaki tuliacha siku ile ile, stafeli tumeacha, anakunywa maji ya moto kwenye chupa ya chai kwa sababu ya baridi hii, kikombe kila anapomaliza safu moja ya ufumaji. Mwenyewe ndiye aliyebuni. Magnesiamu ilikuwa chini, wamempa. Potasiamu iko sawa. Kriatinini leo ni 109.

Nimemuuliza daktari kwamba sasa ni nini kilichofanya. Akasema inawezekana ni yote, na kwamba tulibadilisha mambo manne kwa wakati mmoja kwa hiyo hatutajua. Watazungumza na Dar kama ni kaboplatini, au mrija uwekewe kitu kwanza.

#55 Siti ya Dirishani
Hongereni! 109 baada ya maji. Mnaona sasa? Basi.

#56 Mama Gwakisa
Baada ya kuacha diklofenaki, useme.

#57 Bi Nesi wa Uyole
Imeshuka na bado figo ya kulia imetanuka. Mimi moyo wangu haujatulia. Kaboplatini au sisplatini, ule mrija wauangalie tena.

#58 Mtoto wa Mafinga
Na shangazi anasemaje?

#59 Mjukuu wa Ikuti
Shangazi anasema imeshuka kwa sababu majani yalikuwa bado yapo mwilini.

#60 Ngoja Waje
😂😂😂 Mzee wa Masoko oyee

#61 Konda wa Tanzam
Mjukuu mkipewa tarehe ya Dar niambie faragha siku mbili kabla, nitamwekea mama kiti cha mbele upande wa mlango. Anywe tu maji yake.

#62 Mjukuu wa Ikuti
Ndaga fijo kaka. Anauliza kabla ya Kitonga mnasimama wapi, ili ajue safu ngapi.

#63 Konda wa Tanzam
Mwambie kushuka Dar, Makambako tunasimama, Ilula nasimamisha mwenyewe. Kurudi, Mikumi halafu Ruaha Mbuyuni pale chini kabla hatujaanza kupanda. Ni sweta la nani?

#64 Mjukuu wa Ikuti
La mjukuu wake. Amelifumua mara mbili, anasema mikono ni mirefu.